Aliyesaliwa Angali Hai

Zilikuwa zimebaki siku tatu ndoa ifungwe, na Kalume bin Asumani alikuwa bado hajamwambia mkewe kwamba bibi harusi ni dada yake, wa baba mmoja na mama mmoja.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameketi mbele yao katika nyumba yao ya Bagira, mjini Bukavu, sahani ya sambaza magotini, akivitenga vichwa vya visamaki vile ukingoni kimoja kimoja, kama mtu asiyejua kwamba navyo huliwa. Alikuwa ametoka Norwe. Pasipoti yake ilimtaja kuwa ni Maisara Djafari, mzaliwa wa Uvira, na ni kwa jina hilo Kalume alimtambulisha kwa watu: binti wa marehemu mzee Djafari, aliyekuwa jirani yake kambini, upande wa Kigoma, katika miaka ya ukimbizi. Mzee alifariki mwaka uliopita huko ugenini. Mwanawe Idrisa alimwandikia Kalume barua ya uwakala ili amwozeshe binti kwa niaba yake, kwa kuwa binti ametamani kufungia ndoa katika nchi ya wazazi. Hayo ndiyo yaliyosemwa, na watu wa msikitini waliyapokea kwa furaha. Tangu Februari ile mji ulipobadilisha watawala, benki zikafunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, wageni waliokuwa wakija walikuja kuzika tu. Harusi ilikuwa neema.

"Kula na vichwa, mama," Cibalonza, mke wa Kalume, alimhimiza mgeni. "Mu kichwa ndimo utamu iko. Kule Ulaya munakulaka nini?"

"Kule samaki haina kichwa, maman. Tunaipata imekatwa sawa kipande ya sabuni."

Cibalonza alicheka hata akashika mbavu. Alikuwa wa kabila la Washi, kutoka kijiji cha Miti, aliyesilimu alipoolewa. Msikitini walimwita Zaina, lakini sokoni na nyumbani, na hata kinywani mwa mumewe, alibaki Cibalonza. Alipokwisha kucheka alimkazia macho yule mwanamke.

"Hii paji ya uso," akasema, "niliionaka wapi?"

Kalume aliinuka akaenda kufunga dirisha, akalikuta limefungwa.

Watu wote wa msikitini walijua kwamba Kalume, fundi wa kanzu mwenye kibanda Kadutu, aliwahi kuwa na dada mmoja tu, Mwanvita, na kwamba Mwanvita alifia kambini. Walijua kwa sababu walimsalia. Mwaka wa elfu mbili na tatu, Kalume aliporudi peke yake kutoka ukimbizini akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alisimama baada ya sala ya adhuhuri akaomba dada yake asaliwe sala ya ghaibu, ile ambayo Waislamu humsalia maiti aliye mbali. Muallim Shabani alitangulia. Safu tatu za watu zilisimama nyuma yake, takbira nne, bila rukuu wala sijida, wakamwombea mtoto wa miaka minane nafasi katika kaburi lake na nuru ndani yake. Taazia ilidumu siku tatu. Tangu hapo, kila mwezi wa Shaabani, hitima husomwa nyumbani kwa Kalume, na Cibalonza humpikia pilau wifi yake ambaye hakuwahi kumtia machoni.

Na muda wote huo Mwanvita alikuwa katika mji wa theluji, akijifunza kuandika jina lisilo lake.

Mambo yalikuwa hivi. Vita vilipowakuta, baba yao aliuawa njiani. Mama yao alikufa kwa kipindupindu kambini, akamwachia Kalume mtoto ambaye hajaota meno ya pili. Jirani yao wa hema, mzee Djafari, alikuwa ameingoja safari miaka minne, na hatimaye orodha ilitoka: yeye, mkewe, na watoto wanne, wote kwenda Norwe. Siku kumi na mbili kabla ya lori kufika, mwanawe wa mwisho, Maisara, wa umri wa Mwanvita, alishikwa na homa alfajiri na jua halikutua naye. Wakamzika bila kilio. Kifo kikitangazwa, faili lingerudishwa chini ya mafaili mengine, na nani ajuaye lingepanda lini tena. Jioni ile mzee Djafari alimwendea Kalume akamwambia kwamba kiti cha mtoto kitakwenda kitupu ilhali kuna mtoto wa kukikalia. Kalume alikuwa na miaka ishirini, amelala na njaa siku mbili. Hakukataa. Waliapa wote wawili kwamba siri hiyo itazikwa nao.

Angeweza kurudi Bukavu na kusema kwamba dada yake amechukuliwa na wasamaria. Lakini watu wa Uvira na Bukavu ni jamaa moja. Neno likisemwa huku asubuhi, jioni limefika kambini na kesho lina viza. Na zaidi ya hofu ilikuwapo aibu. Sheria yetu inataka kila mtu aitwe kwa baba yake. Baba yao Asumani alikuwa hana kaburi linalojulikana, hana nyumba, hana chochote kilichosalia duniani ila jina lake mbele ya wanawe wawili, na Kalume alikuwa ameling'oa kwa mmoja wao kwa mkono wake. Akaona ni heri aseme mtoto amekufa. Kifo kilikuwa kimekwisha kupatikana. Yeye alikihamisha tu, kutoka kwa mtoto huyu hadi kwa huyu.

Jumatano asubuhi yule mwanamke alimfuata kibandani Kadutu, mvua ikipiga bati, akaketi juu ya robota la vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kilichokaa muda mrefu bila kutumiwa.

"Yaya," alimwita, kama waitwavyo ndugu wakubwa katika mji ule. Ilikuwa mara ya kwanza. Kalume alitazama mlangoni kama kuna mtu.

"Sema polepole."

"Barua ya Idrisa ni pazia tu, unajua. Papa Djafari, Mungu amurehemu, alinilea muzuri. Alinisomesha, hakunipiga hata siku moja. Mbele ya kufa aliniita peke yangu. Akasema: mimi siwezi kukuozesha, na watoto yangu hawawezi, ndoa itakuwa bure mbele ya Mungu. Walii yako eko Bukavu, anashonaka. Bilali aliposema anitaka, nikamwambia, tuende kwanza kwa mwenyewe."

Bilali ndiye bwana harusi, kijana wa Uvira aliyekulia mji ule ule wa Norwe. Alikuwa amekwisha kuelezwa yote, na alikuwa amefikia kwa shangazi yake mtaa wa Muhumba.

"Nitakuozesha," Kalume alisema. "Nimekubali tangu uliponipigia telefone. Unataka nini tena?"

"Siku ya ndoa uite jina yangu. Ile ya kweli. Mbele ya watu."

"Mwana wee! Watu wanashika matelefone. Kule kwenu wakisikia, watakunyang'anya papie, na uraia nayo."

"Najua hatari yangu."

"Haiko yako peke yako. Idrisa na watoto yake je?"

Yule mwanamke alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye robota, akiuzungusha kidoleni.

"Unakumbuka biskuti?" akauliza.

"Biskuti gani?"

"Zile za musaada, ngumu. Siku kumi na mbili. Ulikuwa unaita 'Maisara', nikigeuka unanipa kipande. Kisha unaita 'Mwanvita', nikigeuka unanifinya sikio. Siku ya mwisho uliita 'Mwanvita' mara tatu, na sikugeuka. Ukanibeba juu, ukanibusu, ukasema nimefaulu."

Kalume alikuwa na kola ya kanzu chini ya sindano. Aliusimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani, akaitoa kola, maana mshono ulikuwa umekwenda upande.

"Nilizani umesahau," alisema. "Ulikuwa mudogo."

"Nilisahau sura ya mama. Ile sikusahau. Wewe ndiye uliiondoa, yaya. Nani mwingine nitamuomba airudishe?"

Alipokwenda zake, Kalume alifumua mshono ule polepole, uzi baada ya uzi, na mawazo yake yakatafuta mlango. Akaupata. Aliwahi kusikia darasani kwamba mwenye dada mmoja tu akisema "dada yangu", inatosha. Hana haja ya kutaja jina. Basi angeweza kusema neno hilo kwa sauti ya chini, Bilali akakubali, ndoa ikasihi mbele ya Mungu, na waliohudhuria wakadhani anamwita dada kwa heshima, kama mtu amwitavyo binti wa jirani. Hakuna ambaye angedhurika. Alifunga kibanda kabla ya wakati akamwendea Muallim Shabani ili apate yakini.

Alimkuta msikitini, shavu limevimba kwa maumivu ya jino, akifunga waya wa kipaza sauti kwa utepe mweusi.

"Sema mbio, Kalume. Hii kinywa inaniuma."

"Nauliza tu, muallim. Mutu akiwa na dada mumoja, akasema mbele ya mashahidi: nimekuozesha dada yangu, bila kutaja jina. Ndoa inashika?"

"Inashika. Hata akikosea jina inashika, kama hana mwingine. Nani anauliza?"

"Kuna mutu."

"Mutu gani? Hapa kwetu ndoa ni moja tu wiki hii, na wewe ndiye muozeshaji." Muallim aliuweka chini utepe. "Na wewe hauna dada. Tulimusalia."

Kalume aliinama, akauokota utepe, akauviringisha upya.

"Eko muzima?"

"Ni huyu wa Norwe."

Muallim alichomeka waya mahali pake. Kipaza kikalia kwa mlio mkali; akakizima upesi.

"Takbira ine," alisema. "Nilisimamisha watu takbira ine, juu ya mutoto anayekula mukate Ulaya. Na nililia, Kalume. Sikulia juu yako. Nilikuwa nimezika wangu mwaka ule."

"Nilitubu, muallim. Kila siku ninatubu."

"Kwa nani? Zambi ya siri, toba yake ya siri. Wewe ulidanganya safu tatu muchana, machozi ikikutoka. Na walii muongo wa namna hiyo, mimi nashindwa kumuita muadilifu mpaka ajirudi mbele ya aliowadanganya."

"Na papie yake? Wakijua kule watamufukuza."

"Hiyo sijue. Mimi sikusoma papie, nilisoma fiqhi." Alishika shavu. "Kuna wanazuoni watakuachilia upite na neno yako ya 'dada yangu'. Sitakuzuia, nami sitasema kwa mutu. Lakini usikae tena safu ya mbele, nikikuona pale sitaweza kusoma."

Mlango alioutafuta ulikuwa wazi, na gharama yake imetajwa. Kalume alipanda Bagira kwa miguu katika matope, basi dogo baada ya basi dogo likimpita na makondakta wakimwita. Alikuwa akipima. Akilificha jina, dada yake atarudi kwake salama, naye ataolewa kihalali, na yeye ataendelea kuwa mwongo. Akilitamka, atakuwa amerudisha alichokitwaa, na huenda akawa ametwaa kingine kikubwa zaidi. Alitamani angalau mtu mmoja amwamulie.

Alimwambia mkewe kabla ya magharibi, jikoni, amesimama kwa sababu hakuthubutu kuketi. Cibalonza alikuwa akisonga bugali. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuuacha mwiko, kisha akauchomoa na kumwelekezea.

"Miaka makumi mbili na mbili," alisema, "ninamupikia mutu muzima pilau ya maiti?"

"Cibalonza—"

"Nilichoma vidole juu ya pilau ile! Nilikuwa namusemesha, Kalume. Nikigeuza nyama ninasema, wifi, leo nimekutilia iliki mingi. Na wewe unasikia, unaitika amina!"

"Ni haki yako ukasirike."

"Sikuomba ruhusa." Aliurudisha mwiko sufuriani akasonga kwa nguvu kupita haja. Kisha akasema, kwa sauti nyingine: "Mimi nilibadilisha dini juu yako. Baba yangu alikasirika mwaka muzima. Lakini akifika hapa, ananiita Cibalonza, naitika, na anajua mutoto wake eko. Yule mutoto, nani anamuitaka?"

"Nikimuita, wanaweza kumufukuza."

"Na usipomuita?"

Cibalonza aliupakua bugali, akaweka sahani tatu badala ya mbili, akakumbuka kwamba mgeni amealikwa Muhumba jioni ile, akaiondoa ya tatu. Hakusema naye tena mpaka Ijumaa.

Ijumaa baada ya alasiri, sebule ya shangazi wa Bilali, Muhumba, ilijaa kanzu, nyingi zilizoshonwa na Kalume mwenyewe. Watu walikuwa wapata arobaini. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Juu ya meza, ikiegemea chupa ya chai, ilisimama simu ya Bilali, na ndani yake uso wa Idrisa, na nyuma yake ukuta mweupe na mtoto anayepita mbio. Muallim Shabani, kitambaa kimefungwa shavuni, alisoma hotuba ya ndoa kwa mkato, mahari yakatajwa, mashahidi wakajulikana. Kisha akamgeukia Kalume bila kumtazama usoni.

"Walii ashike mukono wa bwana harusi."

Kalume aliushika. Mkono wa Bilali ulikuwa na jasho. Hadi hapo, na hili alilikiri baadaye, alikuwa amekwisha kuamua kusema "dada yangu" na kunyamaza. Maneno alikuwa ameyapanga. Lakini nyuma ya pazia palikuwa kimya, kimya kisicho cha kawaida mahali penye wanawake thelathini, akatambua kwamba kuna mmoja mle ndani aliyezuia pumzi.

"Bilali," alinong'ona, "zima hiyo telefone."

Bilali aliunyoosha mkono wa kushoto akailaza simu kifudifudi. Hakuizima, aliona haya kumkatia shemeji katikati ya ndoa, na akadhani giza latosha.

"Ndugu zangu," Kalume alisema, "kabla ya ndoa, niko na toba. Muko hapa wazee mulionisimamia safu tatu za sala ya ghaibu. Niliwadanganya. Dada yangu hakukufa. Nilimutoa kwa mutu mwingine, apate kusafiri na jina ya mutoto wake aliyekufa. Nawaomba musamaha, na nyinyi na yeye."

Kisha, kabla yeyote hajafungua kinywa: "Bilali, nimekuozesha dada yangu, Mwanvita binti Asumani, kwa mahari muliyokubaliana."

"Nimekubali ndoa yake," Bilali alisema upesi, kama mtu anayedaka kitu kisianguke.

Ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa watu walipoanza kuelewa.

"Ni yule tulimusalia?" aliuliza mzee mmoja, mkono sikioni.

"Ndiye yule."

"Nilikula pilau yake mwezi wa Shaabani! Nikaongezewa!"

Mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa mkono. Mwingine alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda bila kuaga. Alikuwa Delphin Saidi, mshona kofia, rafiki wa Kalume wa miaka kumi na mitano, aliyemshika mkono siku zote tatu za taazia. Wawili wengine wakamfuata. Muallim aliinua mikono akaomba dua, na waliosalia wakaitikia amina kwa sauti isiyolingana. Kutoka nyuma ya pazia kikapaa kigelegele kimoja, cha Cibalonza, peke yake. Alikirudia mara mbili, na hakuna aliyemsaidia.

Walipomruhusu kuingia, Kalume alimkuta dada yake ameketi kitako juu ya mkeka, mikono yenye hina juu ya mapaja, macho makavu.

"Umesikia?" alimwuliza.

"Nimesikia."

"Nimeisema yote. Na ya baba."

"Asante, yaya." Alitikisa kichwa polepole. "Nilizani nitasikia kitu. Nilikuwa nangoja. Ulipoita, nikaangalia huku na huku, nimuone nani anaitwa." Kisha akaushika mkono wake, kwa kuwa aliona uso wake ulivyobadilika. "Haiko kosa yako. Pengine itakuja. Pengine ninatakiwa kuisikia mara mingi."

Alikuwa bado ameushika mkono ule Bilali alipoingia na simu, rangi imemtoka. Idrisa alikuwa hajakata. Alikuwa amesikia kila neno.

"Nipe huyo fundi," ilisema sauti. Kalume akaipokea.

"Umetuua, papa Kalume," Idrisa alisema. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. "Baba yangu alikufa na ile siri mudomoni. Niko na watoto watatu hapa, hawajue Congo hata kwa picha. Wakifungua faili ya mumoja, wanafungua ya wote."

"Nilimuambia azime—"

"Watu arobaini! Uliwazima na wao?"

"Nisamehe, mudogo wangu. Nilikuwa na deni ya kusema kweli."

"Kweli yako." Mlango ulisikika ukifungwa upande wake. "Nikuambie yangu. Maisara alikuwa analala mugongoni mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na ine. Tulimuzika na papa, bila watu, tukitupa udongo kwa mikono ili jirani wasisikie jembe. Kesho yake mukaniletea mwingine, mukaniambia, Maisara huyu hapa. Dada yako muzima alisaliwa na safu tatu. Wangu aliyekufa, nani alimusalia? Alikula hata hitima moja?"

Kalume aliibana simu sikioni.

"Muambie huyo," Idrisa alisema, na sauti ikamvunjika mara ya kwanza, "muambie arudi nyumbani mbio, mbele ya maneno kufika huku. Na akirudi, arudi Maisara. Sina jina lingine la kumufungulia mulango."

Baada ya isha Kalume alimwomba Muallim Shabani jamaa wasimame wamsalie Maisara binti Djafari, takbira nne, kama walivyomsalia yule mwingine. Muallim alitazama msikiti. Safu zilikuwa mbili tu, na wengi waliokuwamo walikuwa wakimkwepa Kalume kwa macho.

"Siku ingine," alijibu. "Leo nikiwaambia kuna maiti wa Kalume, hakuna atakayenisadiki." Lakini wenyewe wawili walisimama pembeni wakasali, muallim mbele na Kalume nyuma yake, wala si katika safu ya mbele wala ya nyuma, maana hakukuwa na safu.

Kufikia Jumapili maneno yalikuwa yamekwisha kuvuka. Mtu aliyekuwapo alikuwa amemhadithia nduguye wa Uvira, na nduguye alikuwa na shemeji Norwe, na katika makundi ya simu ya Wakongo wa kule watu walikuwa wakiulizana: yule Maisara wa mzee Djafari, ni kweli? Bilali alibadilisha tarehe ya safari. Jumatatu asubuhi waliteremka wote hadi mpakani Ruzizi, ili wavuke daraja na kupandia ndege upande wa pili. Cibalonza alikuwa amemfungia wifi yake sambaza waliokaushwa, wenye vichwa vyao, katika magazeti matatu. Njia nzima alikuwa akimwita kwa jina, bila sababu, "Mwanvita angalia tope", "Mwanvita, funga kikapu", na kila mara yule mwanamke aliitika nukta moja baadaye, kisha nusu nukta, mpaka walipoiona bendera ya mpakani, Bilali akageuka akamtazama Cibalonza, naye akanyamaza.

Foleni ilikuwa fupi. Afisa alikuwa mwanamume mpole, mwenye miwani. Aliifungua pasipoti, akaitazama picha, akamtazama mwenyewe, akamtazama Kalume aliyebeba sanduku begani.

"Maisara Djafari. Na huyu muzee ni nani yako?"

Yule mwanamke alisita. Kalume aliona midomo yake ikifunguka, akajua kwa hakika ni neno gani linataka kutoka. Alikuwa ameanza kulizoea. Akatangulia.

"Mimi ni jirani tu, papa," alisema. "Jirani ya baba yake, marehemu. Nimemusindikiza."

"Hamuna undugu?"

"Hakuna."

Afisa aligonga muhuri. "Basi unaishia hapa, muzee. Kufika kule kwenye kizuizi, tunaachilia familia peke yake. Mupe bwana yake hiyo valizi."

Kalume alilitua sanduku. Bilali alilichukua bila kumtazama. Kutoka pale hadi kwenye kizuizi hapakuwa zaidi ya hatua thelathini, na familia nyingine zilikuwa zikizitembea, mama na binti, baba na mwana, wakishikana mikono kwa muda uliosalia. Dada yake alizitembea na mumewe. Mbele ya kizuizi aligeuka. Alikuwa mbali kidogo, lakini Kalume aliona kwamba anataka kumwita 'yaya' kwa sauti, mbele ya yule afisa na watu wote. Akaunyanyua mkono, si wa kuaga, akautikisa mara mbili kumkataza. Dada yake akafumba mdomo, akavuka.